Jogoo hatagi lakini mayai anayo yeye: namna ya kuchagua mbegu ya kuku wa mayai kwa kitabu na kwa DNA

Kuna Krismasi moja sitasahau hapa kwetu karibu na Luanda, Vihiga. Nilikuwa na kuku mmoja mwekundu nimemfunga ziptai ya kijani mguuni, huyo alikuwa anataga hadi majirani wanauliza anakula nini, nikachukua mayai yake nikaweka chini ya kuku mwingine alalie, nikapata jogoo mmoja safi sana. Nikasema huyu ndiye atakuwa baba ya kuku wote mwaka unaofuata. Tarehe 26 wageni wakaja, mimi nko Kisumu nimeenda kuchukua chakula cha kuku, kurudi nyumbani nakaribishwa supu. Walichagua mkubwa, na huwezi walaumu, mgeni hapa hapewi ingokho ndogo. Lakini kwa hio sufuria ilikuwa imeenda rekodi ya zaidi ya mwaka mzima na hakuna mtu alijua isipokuwa mimi.

Ndio maana nimeamua niandike hii maneno kutoka mwanzo, juu naona watu wengi wanataka kuku wa kutaga, wanasoma mambo ya jeni na DNA, wanauliza ni kipimo gani wafanye, na bado jogoo wanamchagua kwa macho. Jike unaweza kumhesabia mayai. Jogoo huwezi, na yeye ndiye anatoa nusu ya damu ya kila kifaranga kwa boma. Kazi yote ya kuboresha mbegu ya mayai, iwe ni kwa kampuni kubwa ama ni wewe na kuku 15 nyuma ya jikoni, ni kutafuta njia ya kujua jogoo amebeba nini wakati yeye mwenyewe hajawahi taga hata yai moja.

Kuna kitu kingine kuhusu jogoo ambacho wengi hawajui. Kuku ana jozi 39 za kromosomu, yaani zile nyuzi za ndani ya mwili zinazobeba jeni, na ile jozi ya kuamua jike ama dume iko kinyume na yetu sisi binadamu. Kwa kuku dume ana Z mbili, jike ana Z moja na W moja. Sasa jike akitaga, binti yake anapata W kutoka kwa mama, Z yake inatoka kwa baba peke yake. Maanake jeni zozote nzuri zilizo kwa Z ya kuku wako bingwa haziendi kwa binti zake kabisa, zinaenda kwa wanawe wa kiume, halafu kupitia hao wanawe ndio zinafikia wajukuu wa kike. Ukichinja vijana wote wa kiume wa kuku wako mzuri, hio Z umeila na ugali.

Kabla ya DNA, kitabu

Najua ulikuja kusoma DNA, ngoja kidogo tutafika. Kipimo cha DNA bila rekodi ni kama kusoma namba ya gari ambayo hujawahi kuiona barabarani, unajua herufi lakini hujui kama gari inatembea. Kwa hivyo nunua kitabu cha shule cha kurasa 96 na ziptai za rangi ama zile pete za plastiki za agroveti. Kila kuku apate rangi na namba yake na isibadilike hadi afe.

Kujua nani ametaga ndio shida kubwa. Njia ya kweli ni kiota cha mtego, yaani kiota chenye mlango mwepesi unaoanguka kuku akiingia, hawezi toka hadi umtoe na unaona namba yake na yai lake. Fundi wa mbao yeyote atakutengenezea ukimwonyesha mfano, tumia vipande vya mbao na waya. Ubaya wake ni kwamba lazima mtu apite kila saa moja ama moja na nusu kutoa kuku, ukisahau utampata amechemka humo ndani hasa jua la Kisumu la mwezi wa pili. Kama huwezi shinda nyumbani kila siku, weka mtego siku tatu kwa wiki, zilezile kila wiki, siku zingine acha milango wazi. Huhitaji idadi kamili ya mwaka, unahitaji kujua nani amemshinda nani, na siku tatu zinatosha kwa hio.

Kama mtego ni mzigo sana kwako, kuna njia ya pole pole. Kuku mmoja hutaga mayai yanayofanana, umbo, rangi, saizi, hata madoa, kwa hivyo ukiwa na kuku nane ukakaa nao mwezi mmoja utaanza kuwajua mayai yao kama unavyojua mwandiko wa mtoto wako. Pia shika kuku jioni ukague mifupa miwili iliyo chini ya mkia, anayetaga vidole viwili ama vitatu vinaingia kati yake, asiyetaga ni kidole kimoja na kwa shida. Hii haikuambii ametaga mangapi lakini inakuonyesha wale wanaokula bure.

Kwa kitabu andika tarehe ya kuanguliwa, mama, baba kama unamjua, tarehe ya yai la kwanza, mayai hadi wiki ya 40, siku alizolalia, na uzito wa yai mara moja kwa mwezi kama uko na mizani. Usingoje mwaka uishe, kuku anayefanya vizuri hadi wiki ya 40 mara nyingi ndiye atafanya vizuri mwaka mzima, na ukingoja sana watoto wake watakuwa wameshaisha sokoni. Kitu kingine kizuri kuhesabu ni msururu. Yai moja huchukua karibu saa 25 kutengenezwa ndani ya kuku kwa hivyo kila siku anachelewa kidogo, leo saa mbili, kesho saa tatu, hadi siku moja anaruka halafu anaanza upya. Kuna kuku anataga mawili anaruka, mawili anaruka, na kuna mwingine anapiga sita ama saba ndio aruke. Huyo wa pili saa yake ya ndani iko haraka, na hii unaiona kwa mwezi mmoja tu wa kuandika.

Lakini linganisha kuku wa umri mmoja, walioanguliwa pamoja, nyumba moja, chakula kimoja. Mimi kuna wakati nilikuwa nasifu kuku mmoja kumbe alikuwa anaruka ua kila asubuhi anaenda kula kwa posho mili ya jirani. Hapo hakukuwa na jeni, hapo kulikuwa na unga. Na chanjo ya Newcastle usikose, juu ugonjwa ukipita katikati ya mwaka kitabu chako chote hakina maana tena.

Hesabu ya kukutuliza

Idadi ya mayai hairithiwi kwa nguvu. Uzito wa yai na rangi ya ganda zinarithiwa sana, lakini idadi huwa kati ya asilimia 10 na 30 hivi, hio ingine ni chakula, mwanga, joto, afya na bahati. Tufanye ni 20. Kuku zako kwa wastani wanataga 80 kwa mwaka, umechagua majike wanaotaga 110, yaani 30 juu ya wenzao. Katika hizo 30, kile kiko kwa damu ni 6. Mtoto anachukua nusu kwa mama, 3. Jogoo wako kama ni wa kuokota sokoni Kibuye hujui kama anaongeza ama anapunguza, kwa hivyo umepata 3 tu na labda hata hizo amezila. Lakini kama jogoo naye mama yake alikuwa kati ya hao wa 110, ongeza yai moja na nusu. Sasa ni mayai manne na nusu kwa kizazi, bila kununua kitu. Inaonekana kidogo na ni kidogo kweli, ila inajumlishana kila kizazi na haipotei kama chakula kinavyoisha kwa gunia.

Na ukiwa na dada za huyo jogoo wa mama mmoja na baba mmoja watano ama sita wanataga, angalia wastani wao. Dada ndio dirisha lake. Jogoo ambaye dada zake wote wanataga vizuri mimi namwamini kuliko yule ambaye mama yake alikuwa bingwa lakini dada zake ni wavivu, maana bingwa mmoja anaweza kuwa ni bahati ya ile posho mili.

Mtu ataniuliza mbona usinunue tu kuku walioboreshwa. Nunua, mimi pia nilinunua, ila elewa unanunua nini. Kuku wa gredi wa mayai na hizi aina za chotara kama Sasso na Kuroiler ni matunda ya kuchanganya ukoo kadhaa zilizotunzwa kando, ukichukua watoto wao ukawazalisha wenyewe kwa wenyewe wanatawanyika, mmoja kama bibi, mwingine kama babu, wastani unashuka. Niliwahi uziwa vifaranga mahali wakiitwa wameboreshwa, kukua nikapata rangi kumi na tabia kumi, kumbe walikuwa watoto wa chotara waliozaana hapo nyuma. Kama unataka mbegu ya kuanzia ya kienyeji kilichoboreshwa, KALRO, lile shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, kituo cha Naivasha kule Nakuru ndio wamekuwa wakiizalisha, na KALRO wana pia kituo Kakamega kinachoshughulika na kuku na nguruwe, anzia hapo uulize.

Alama ambazo unaziona bila maabara

Alama ya jeni si lazima iwe ya maabara. Ni kitu chochote kinachokuonyesha kipande gani cha kromosomu kuku amepata. Ile mistari ya kuku mweupe kwa mweusi kama punda milia iko kwa Z, na ina nguvu, nakala moja tu ya hio jeni, kutoka kwa mzazi mmoja, inatosha kuonekana. Sasa chukua jogoo mweusi ama mwekundu asiye na mistari umpatie majike wenye mistari. Watoto wote wa kiume watapata Z yenye mistari kutoka kwa mama, wa kike watapata Z ya baba isiyo na mistari. Siku ya kwanza tu wanapotoka kwa ganda, wa kiume ni weusi wenye doa jeupe kichwani, wa kike hawana doa. Umejua jike na dume bila mtaalamu. Ukigeuza, baba akawa na mistari, haifanyi kazi, watoto wote wanatoka na doa, nimeona mtu amegeuza akauza majogoo kama matembe hadi kelele ikaanza kwao kwa wateja alfajiri.

Shingo uchi nayo ni jeni moja, na kwa joto la kando ya ziwa mimi naipenda. Kuku wa shingo uchi ana manyoya machache mwili mzima si shingo peke yake, anapumua, anaendelea kula mchana wakati wengine wamefungua midomo, na kuku anayekula ndiye anataga. Akiwa na kitita kidogo cha manyoya mbele ya shingo kama tai huyo ana nakala moja, shingo ikiwa wazi kabisa ana mbili. Huhitaji kumpima, mwangalie tu. Usijaze boma na wa nakala mbili peke yao, vifaranga wao wanateseka na baridi na kutotoa huwa kunashuka kidogo, hasa kama uko juu kwa baridi kule Molo.

Lakini sikio jeupe, rangi nyeusi, kucha, kilemba kikubwa, haya yote watu wanasema yanaonyesha mtagaji. Kilemba chekundu chenye joto kinaonyesha kuku anataga sasa, basi, hakionyeshi damu. Rangi ya manyoya haihesabu mayai. Kuna watu Bungoma wataniua kwa hii.

Sasa DNA

DNA yote ya kuku, wa yule wa msituni mwekundu, ilisomwa na matokeo yakatoka 2004, ni kama herufi bilioni moja, theluthi ya za binadamu. Tangu hapo watu wametafuta jeni za mayai na wamezipata nyingi sana, na hapo ndipo tatizo liko. Mambo mengine ni jeni moja, kama ganda la bluu, hio ni virusi vya zamani vilivyojichomeka kwa kromosomu namba 1 karibu na jeni fulani, unapima unapata jibu ndio ama la. Idadi ya mayai si hivyo. Ni mamia ya vipande kila kimoja kinaongeza robo yai hapa, nusu yai pale. Kampuni kubwa za kuku wa mayai zinapima maelfu ya alama kwa mpigo mmoja kwa chipu, kigae kidogo cha maabara, kuna ya alama 60,000 na nyingine 600,000, kompyuta inazijumlisha kwa kutumia rekodi za kuku maelfu kwa maelfu, na kazi kubwa ya hio chipu ni ipi? Kuchagua majogoo wakiwa bado wadogo. Ni shida ileile ya wewe na mimi, ndio hao wanalenga kuku wa mayai 500 kwa wiki 100. Hio chipu hata ukipewa bure haitakusaidia, juu hesabu yake imefundishwa kwa ukoo zao si kwa kuku wa Emuhaya.

Kwa hivyo usiende maabara kuuliza kuku wangu atataga mangapi. Nenda na swali dogo lenye jibu. Mimi naona maswali mawili yanastahili pesa ya mkulima.

La kwanza ni kulalia. Kuku wa kienyeji anataga 10 hadi 15, joto la mayai chini ya kifua linapandisha homoni inayoitwa prolaktini, mayai ya ndani yanasimama, analalia siku 21, halafu analea wiki kadhaa, ndio arudi kutaga. Mwaka umeisha na amefanya raundi tatu ama nne. Mbele ya jeni ya hio homoni, iliyo kwa kromosomu namba 2, kuna mahali ambapo kuku wengine wana herufi 24 za ziada na wengine hawana. Wale wa ziada, hasa wakiwa na nakala mbili, tafiti kadhaa zimeonyesha hulalia kidogo na kutaga zaidi, na Leghorn weupe, aina ya kuku wa mayai ambao hawajui kulalia, wengi wanazo. Kipimo chake ni rahisi kwa maabara yoyote yenye mashine ya PCR, wanakuza hicho kipande tu na kuangalia kama ni kirefu ama kifupi. Hapa ndio unamsoma jogoo. Yeye hatalalia maisha yake yote, kwa macho hutajua, lakini damu itakuambia kama ana nakala mbili, moja ama hana. Mwenye mbili atampa kila mtoto moja. Mwenye moja atawapa nusu yao.

Ila usikimbie kupima jogoo kwanza. Pima majike wenye rekodi, 20 ama 30, halafu fungua kitabu. Je, wenye nakala mbili wamelalia siku chache kuliko wasio nazo? Kama ndio, hio alama inafanya kazi kwa kuku wako na sasa pima majogoo. Kama hakuna tofauti yoyote, usiweke pesa tena hapo, juu alama iliyofanya kazi China ama Ulaya inaweza ikakosa kufanya kwako, kuna jeni zingine zinazogusa kulalia na kuku wako wana mchanganyiko wao. Na ujue kuku 20 ni wachache, tofauti ndogo inaweza kuwa bahati, amini ile kubwa tu inayoonekana bila kukodoa macho.

Halafu jiulize kama unataka kweli. Ukifuta kulalia kwa boma lote, nani atatotoa? Utahitaji inkubeta, na inkubeta inahitaji stima, na stima yetu hapa wakati wa mvua mnaijua. Mimi nimeacha majike watano wa kulalia, wa damu ya kuku wa nyanya yangu, hao sipimi na sichagui mayai yao. Na kwa mtu ambaye bado anaacha mama na vifaranga miezi miwili, kabla hata ya jeni toa vifaranga wiki ya kwanza uwapeleke kwa bruda yenye joto, huyo mama atarudi kutaga mapema na utapata mayai mengi kuliko kizazi kizima cha kuchagua.

Swali la pili ni la watu wa ziwa. Ukilisha kuku omena ama vumbi la samaki, saa ingine mteja anarudisha mayai anasema yananuka samaki. Kuna jeni inaitwa FMO3, kazi yake ni kuvunja kitu kinachoitwa trimethilamini kinachotoka kwa samaki na vyakula vingine. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba kuku wengine wa mayai ya kahawia wana herufi moja imebadilika hapo, na wakiwa na nakala mbili hawawezi kuvunja hicho kitu, kinaenda moja kwa moja kwa kiini. Fanya hivi: kwa wiki moja vunja yai moja la kila kuku kwa kikombe cha maji ya moto unuse, andika namba. Kama yote yananuka, omena ni nyingi ama imeoza, punguza. Kama ni kuku wawili watatu tu kati ya 20, hio ni damu, labda umechanganya na kuku wa gredi wa kahawia zamani. Hao wawili usiwazalishe, uza nyama. Lakini baba yao lazima ana angalau nakala moja, na kaka zao wanaweza kuwa nayo, wakiwa kimya kabisa, na hapo tena hakuna njia isipokuwa kipimo, ama kubadilisha jogoo.

Kuchukua sampuli

Ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Chembe nyekundu za damu ya kuku zina kiini chenye DNA, zetu hazina, kwa hivyo tone moja la kuku linatosha kabisa. Ongea na maabara kwanza, idara ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu wamefanya kazi ya kuku wa kienyeji miaka mingi, ulizia kama watapima kile kipande unachotaka, bei, na wanataka damu kwa kadi, yaani karatasi nzito inayonyonya tone, ama kwa chupa. Kadi ni bora, haihitaji barafu.

Jioni kuku wakiwa wametulia, mmoja amshike kwa ubavu, wewe ufungue bawa. Paka spiriti ndani ya kiwiko cha bawa manyoya yalale, utaona mshipa wa kibluu. Dunga kidogo na sindano mpya, kila kuku sindano yake usirudie hata kama unaona hasara, bonyeza kadi ipate tone moja ama mawili kisha finya na pamba dakika moja damu ikauke. Andika namba kwa penseli, biro ikiguswa na spiriti inafutika na hapo utakuwa na kadi 30 hujui za nani, niliona hio ikifanyika. Kausha kivulini, si juani, kila kadi bahasha yake ya karatasi, usiweke kwa nailoni ikiwa bado na unyevu itaota ukungu. Kama unaogopa damu mwite daktari wa mifugo wa wadi, ama uliza kama wanakubali manyoya, ng'oa yale machanga matatu manne yenye damu kwa shina, si yale ya kuokota chini.

Usije ukaua damu

Ukishapata jogoo wako mwenye mama mzuri, dada wazuri na nakala mbili, jaribu litakuja, utataka yeye peke yake apande kila kitu. Jogoo mmoja na majike 10 ukifungia boma, kila kizazi damu inakaribiana kwa asilimia 14 hivi, na vizazi vitatu baadaye mayai hayatotoi vizuri, vifaranga wanakufa kwa ganda na ule utagaji uliotafuta umeshuka tena. Majogoo manne na majike 20, inashuka hadi chini kidogo ya asilimia 4. Tofauti kubwa sana kwa majogoo matatu tu ya ziada.

Kama huwezi lisha majogoo manne tafuteni mkiwa watatu mnaoaminiana. Binti wanabaki kwao, vijana wa kiume wa kwangu wanaenda kwako, wa kwako wanaenda kwa yule, wa yule wanakuja kwangu, na mwaka ujao vilevile mwelekeo uleule. Kila mmoja anaandika mama ya jogoo alizidi wenzake kwa mayai mangapi, si alitaga mangapi, kwa maana boma zenu hazilishi sawa, mama wa mayai 120 kwa boma inayotaga 115 si kitu mbele ya mama wa 100 kwa boma inayotaga 70. Jogoo mgeni akae peke yake wiki tatu kabla ya kuingia, awe amechanjwa.

Na weka ndugu wawili kila mara, mmoja kwako, mmoja alale kwa jirani. Kwangu majogoo wa mbegu wana pete nyekundu mguu wa kulia, nilikalisha kila mtu chini mezani nikawaonyesha, na bado tarehe 24 Disemba huwa nawahamisha wote kwa shemeji hadi wageni waondoke.